Mkia wa neno: kutafuta na kurekebisha makosa ya nomino za Kiingereza

Maandishi ya Kiingereza yanayopita mezani kwangu kila wiki ni ya watu wanaofikiri kwa Kiswahili: barua za kuomba kazi, ripoti za ofisi, tasnifu, kadi za mwaliko, mabango ya maduka. Mtu huyaleta akiwa na wasiwasi kwamba Kiingereza chake chote kimeharibika. Tukikaa pamoja na kalamu nyekundu tunakuta sivyo. Makosa ni machache, yanajirudia, na mengi yamekaa sehemu moja: mwishoni mwa nomino.

Chanzo chake hakina aibu yoyote. Kiswahili hubadilisha nomino kwa mbele: mtu na watu, kiti na viti, mti na miti, jino na meno. Tumelelewa tukisikiliza kichwa cha neno. Kiingereza hubeba habari hizo mkiani, na mkia wenyewe ni mwembamba, herufi "s" tu, wakati mwingine na alama ndogo pembeni yake. Jicho lililozoea kichwa huupita mkia huo bila kuuona.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta kosa linalofanana na lako, anza na sababu ya kwanza kwa kuwa ndiyo ninayoikuta mara nyingi zaidi, na usishuke kwenye inayofuata kabla hujaikagua hiyo.

Ukaguzi wa kwanza, kwa dalili yoyote

Soma sentensi kwa sauti huku kidole kikigusa kila nomino. Uliza maswali mawili, na uyaulize kwa mpangilio huu. La kwanza: ni kimoja au ni vingi? La pili: je, kinamiliki hicho kinachofuata? Liandike kabisa jibu la kwanza ndipo uulize la pili.

Mfano mzuri tunao huku huku mbugani. Swala tomi kwa Kiingereza ni "Thomson's gazelle", jina lililotokana na Joseph Thomson, Mskoti aliyesafiri Afrika Mashariki katika karne ya 19. Wakiwa kundi ni "Thomson's gazelles". Swala ni wengi, kwa hiyo "s" ya wingi imeenda kwa swala. Thomson ni mmoja na ndiye mwenye jina, kwa hiyo ritifaa, yaani ile alama ndogo ('), imebaki kwake. Kuna mikia miwili pale, na kila mmoja una kazi yake. Karibu kila kosa lililo hapa chini linatokea pale mtu anapoichanganya mikia hiyo miwili.

Dalili: "He is a rich", "I have hunger", "He gave me an advise"

Hapa tatizo limeanza kabla ya wingi na umiliki. Neno lililotumika kama nomino si nomino, au nomino imewekwa pasipostahili.

Sababu ya kawaida zaidi ni kwamba lugha hizi mbili hazikugawana maneno kwa namna moja. Tajiri, maskini, kipofu na kiziwi kwetu ni nomino zilizokamilika, zina hata wingi wake: matajiri, vipofu, viziwi. Kwa Kiingereza "rich", "poor", "blind" na "deaf" ni vivumishi, na kivumishi hakisimami peke yake baada ya "a". Sema "He is rich" au "He is a rich man". Upande wa pili, sisi tuna njaa, tuna kiu, tuna furaha, tuna usingizi, zote zikiwa nomino tunazozibeba kama mzigo. Wao huzifanya vivumishi: "I am hungry, thirsty, happy, sleepy."

Jaribio jepesi ni kuweka "my" mbele ya neno. "My hunger" inakubali, kwa hiyo hiyo ni nomino. "My hungry" inagoma. Jaribio hili haliwezi kukutupa katika maneno mengi ya kila siku.

Sababu ya pili ni jozi za maneno zinazotofautiana kwa herufi moja. Katika tahajia ya Uingereza, inayofundishwa Kenya na Tanzania, "advice" ni ushauri na "advise" ni kushauri. "Practice" ni mazoezi na "practise" ni kufanya mazoezi. "Licence" ni leseni na "license" ni kutoa leseni. Yenye "c" ndiyo nomino. "Advice" na "advise" hutofautiana hata kwa sauti, ya kwanza ikiishia na mlio wa "s" na ya pili "z". Nyingine mbili hutamkwa sawa, kwa hiyo sikio halitakusaidia. Ukiandikia Wamarekani, wao hutumia "practice" na "license" kwa kazi zote mbili, lakini "advice" na "advise" wamezitenganisha kama Waingereza.

Sababu ya nadra, nayo ndiyo ninayoipenda, ni maneno yanayoishia na "-ing" yanapofanya kazi ya nomino. Mswahili ana faida kubwa hapa asiyoijua. Sisi husema "kuchelewa kwako kumetuudhi". Tazama "kwako": kitenzi kimekuwa nomino kamili na kimepata mwenyewe. Kiingereza rasmi hufanya vile vile: "Your being late annoyed us." Mtu akiandika "You being late annoyed us" katika barua rasmi, mrudishe kwenye "kwako" na atajisahihisha mwenyewe.

Dalili: "one of my friend", "two pen", "many student"

Hii ndiyo dalili ninayoikuta kuliko zote. Kijana mmoja aliniletea barua ya kuomba kazi ya ghala. Mstari wake wa pili ulisema: "I heard about this post from one of my friend in your company." Barua yote ilikuwa safi, hesabu za mizigo kaziandika vizuri, tarehe ziko sawa. Kosa lilikuwa hapo tu. Nilipomwomba anisomee mstari ule kwa Kiswahili, akasema, "kutoka kwa mmoja wa rafiki zangu". Nikamuuliza wingi uko wapi katika maneno yake. Akafikiri, akaonyesha "zangu".

Na ndiyo sababu ya kwanza. Nomino zetu nyingi za matumizi ya kila siku hazibadiliki: kalamu, nyumba, meza, nguo, barua, siku, saa. Wingi wake hubebwa na majirani: kalamu hii, kalamu hizi; barua yangu, barua zangu. "Rafiki" nayo, wengi tunapoitumia bila "ma-", inautua mzigo wake wa wingi kwenye "zangu". Kiingereza hakina jirani wa kumsaidia. "My" ni "my" kwa mmoja na kwa elfu, kwa hiyo mzigo wote huangukia kwenye mkia wa "friends". Kila ukiona "one of", nomino inayofuata huwa ya wingi: "one of my friends", "one of the reasons". Kitenzi kinachokuja baadaye hubaki cha umoja, kwa sababu anayezungumzwa ni yule mmoja: "One of my friends is sick."

Sababu ya pili ni matamshi. Silabi zetu hupenda kuishia na irabu, kwa hiyo "s" iliyo peke yake mwishoni humezwa katika kusema, halafu kidole kinaandika kilichosemwa. Tulipoyachukua maneno yao tuliyapa irabu ya kuyaegemeza: "socks" ikawa soksi, "chips" ikawa chipsi, wingi wao ukiwa umefungwa ndani. Na tulipokuta neno lenye sura ya kwetu tukalipa wingi wa kwetu: kipilefti, vipilefti. Dawa ya mkia unaomezwa ni kusoma polepole kwa sauti na kuushika mlio wa mwisho wa kila nomino kabla ya kwenda kwa inayofuata.

Sababu ya tatu ni maneno ya wingi yasiyo na "s", ambayo mtu huyachukulia kuwa ya umoja: "people", "police", "cattle". Ni "The police are investigating", hata kama gazeti la jana liliandika "is".

Ukishaanza kuongeza mkia, jihadhari na sehemu mbili ambazo hautakiwi. "Two thousands shillings" si sahihi. Idadi ikitajwa, "thousand", "hundred" na "million" hubaki zilivyo: "two thousand shillings". Na kipimo kinachosimama mbele ya nomino kama kivumishi hukatwa mkia: mpango wa miaka mitano ni "a five-year plan", mtoto wa miaka kumi ni "a ten-year-old child".

Dalili: "The students goes", "My parents lives in Tanga"

Fupi hii. Kiswahili hupatanisha sentensi nzima: watoto wadogo wawili wanacheza, "wa" kila mahali. Anayetaka kufanya hivyo kwa Kiingereza huona wingi una "s", basi anaipeleka mpaka kwenye kitenzi. Lakini "s" ya kitenzi cha wakati uliopo ni alama ya umoja. "The student goes", "the students go". Hesabu mikia: katika sentensi nyepesi ya aina hii, "s" ikiwa kwa mtendaji haiwi kwa kitenzi, na ikiwa kwa kitenzi haiwi kwa mtendaji. Kanuni hiyo huvunjika kwa maneno kama "James goes" na "news travels", ambayo "s" yake si ya wingi, na kwa yale ya wingi yasiyo na "s": "the children go". Kwa mengine itakubeba.

Dalili: "informations", "furnitures", "advices", "equipments", "luggages"

Mkia umezidi. Wengi huambiwa tu kwamba maneno haya hayahesabiki na kuachwa hapo. Si haki, kwa sababu kwetu yanahesabika, na mwandishi anatafsiri kwa akili timamu. Taarifa hizi, samani hizi, vifaa hivi, mizigo hii, nywele zangu, pesa zangu. Kila moja kwa Kiswahili ina sura au upatanisho wa wingi. Kiingereza kimeamua kuyaona kama sisi tunavyoona unga au mchanga: husemi "unga mmoja, unga wawili", unahitaji kikombe au kilo.

Basi uliza: Kiswahili chake kinahitaji kipimo? Kama hakihitaji, kama mzigo mmoja, mizigo miwili, usikiamini; hakiki neno la Kiingereza lenyewe. Fungua kamusi iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza. Nyingi huweka herufi C kwa nomino zinazohesabika na U kwa zisizohesabika. Ukikuta U, ondoa "s", na ukitaka kuhesabu ongeza kipimo: "two pieces of furniture", "an item of news", "a piece of advice".

Kuna mitego ndani ya mitego. "News" ina "s" lakini ni ya umoja: "The news is good." "Hair" ya kichwa chote haihesabiki, ila unywele ukikutwa kwenye mchuzi ni "a hair", na ikiwa miwili ni "two hairs". "Staff" ni wafanyakazi wote kwa pamoja. Mmoja wao ni "a member of staff", na "five staffs" kwa maana ya watu watano haikubaliki katika maandishi rasmi. Upande mwingine kuna vitu vyetu vya umoja ambavyo kwao ni vya wingi kwa sababu vina pande mbili: mkasi ni "scissors", suruali ni "trousers", miwani ni "glasses". Duka linaloandika "Trouser 15,000/=" linaeleweka na kila mpita njia, lakini kwenye oda ya sare za shule andika "trousers", au "a pair of trousers" ikiwa ni moja.

Dalili: "childrens", "womens", "knifes", "ladys"

Hapa wingi upo, umejengwa vibaya. Kinachotangulia ni nomino zisizofuata kanuni: "man" na "men", "woman" na "women", "child" na "children", "foot" na "feet", "tooth" na "teeth", "mouse" na "mice". Hizi ni za kukariri. Hazizidi ukurasa mmoja. Ukiongeza "s" unakuwa umeweka wingi juu ya wingi. Jambo la kupendeza ni kwamba "children" yenyewe ilizaliwa hivyo: zamani Kiingereza kilikuwa na wingi wenye "r", baadaye watu wakaongeza "-en" juu yake. Hata wao waliona mkia hautoshi. Kumbuka pia kwamba "peoples" ipo, ila ina maana ya mataifa au makabila, si ya watu.

Kisha tahajia ya kawaida. Konsonanti na "y" mwishoni huwa "ies": "lady", "ladies", irabu na "y" hubaki: "key", "keys". Baada ya mlio wa "s", "x", "z", "sh" au "ch" huja "es", isipokuwa "ch" ikitamkwa kama "k": "churches" lakini "stomachs". "Knife", "leaf", "shelf" na "thief" huishia "ves", ila "roofs", "chiefs", "beliefs" na "proofs" hazibadiliki. "Tomatoes", "potatoes" na "heroes" zina "e". "Photos", "radios" na "videos" hazina. "Sheep", "aircraft" na "series" hazigusiki kabisa. Na wakwe zako wa kike ni "mothers-in-law", mkia ukikaa kwa mama na si kwa sheria.

Dalili: ritifaa kwenye wingi mtupu: "Tomato's", "Photo's", "CD's", "the 1990's"

Hakuna anayemiliki chochote hapo. Ni nyanya nyingi tu. Uingereza kwenyewe kosa hili limeenea kiasi cha kupewa jina, wakiliita ritifaa ya muuza mboga, kwa sababu ya vibao vya magengeni.

Sababu kubwa ni kuiga: majina ya biashara mengi yana 's, basi mchoraji wa mabango huiona kama pambo la neno lolote la Kiingereza. Sababu ya pili ni vifupisho na miaka, ambako mkono huona "s" imekaa vibaya ukataka kuitenga. Andika "CDs", "NGOs", "the 1990s". Ya tatu ni majina ya ukoo kwenye kadi za harusi. Familia ya akina Mushi ni "the Mushis", bila ritifaa. Akina Jones ni "the Joneses".

Ukaguzi: tafuta kinachomilikiwa baada ya neno. Ukikosa, futa ritifaa. "Fresh tomatoes." Tomatoes wanamiliki nini? Hakuna. Imetoka.

Dalili: "my father car", "the phone of the friend of my brother"

Chanzo kikuu ni mpangilio. Kiswahili hutanguliza kitu, kikafuata kiunganishi chake, akaja mwenyewe: gari la baba. Kiingereza humtanguliza mwenyewe: "my father's car". Anayeandika "my father car" amegeuza mpangilio vizuri lakini kile kidogo kilichokuwa "la" kimedondoka njiani. Kinatakiwa kionekane, na sura yake mpya ni 's.

Kwa minyororo mirefu kuna njia moja isiyoshindwa: soma Kiswahili chako kutoka nyuma. Simu ya rafiki wa kaka yangu. Anzia mwisho: "my brother's", rudi, "friend's", rudi, "phone". "My brother's friend's phone." Kila "ya" au "wa" uliyoivuka imeacha 's moja. Nimewafundisha hivi wanafunzi wa kidato cha kwanza na watu wa umri wa baba yangu, na wote huondoka nayo siku hiyo hiyo.

Sababu ya pili ni ya ndani zaidi. Hiyo "-a" yetu hufanya kazi nyingi mno, na umiliki ni mojawapo tu. Mwalimu wa Hisabati hamilikiwi na Hisabati. Nyumba ya matofali si mali ya matofali. Ukiweka 's kila unapoona "wa" au "ya" utapata "Mathematics's teacher". Jaribu kubadilisha kwa "-ake". Gari la baba: gari lake. Inakubali, tumia 's. Nyumba ya matofali: nyumba yake, matofali? Inagoma. Hapo nomino ya pili hutangulia bila mkia wowote: "a brick house", "a Maths teacher".

Vitu visivyo na uhai viko katikati. Mguu wa meza ni "the leg of the table" au "the table leg". "The table's leg" huonekana, lakini katika maandishi mazuri huepukwa. Muda, hata hivyo, hupewa umiliki bila shida: "today's newspaper", "a month's salary", "two weeks' notice". Hiyo ya mwisho hukosewa kwenye barua nyingi za kuacha kazi. Wiki ni mbili, kwa hiyo ritifaa hukaa baada ya "s".

Dalili: ritifaa ipo lakini haijulikani ikae wapi

Shule moja iliwahi kuniletea bango la siku ya wazazi nilisahihishe. Lilisomeka "Parent's Day", nami nikaliacha lipite. Lilipotundikwa getini akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mjukuu wake akisoma pale. Nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu." Akaitikia marahaba, akalitazama bango kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kaalikwa mzazi yupi?"

Swali lake linazidi kanuni zote nilizowahi kuandika ubaoni. Ritifaa kabla ya "s" inasema mzazi ni mmoja. Ritifaa baada ya "s" inasema wazazi wote wamealikwa: "Parents' Day".

Kwa mkono, fanya hivi. Andika mwenyewe kwanza, na idadi yake ikamilike: "parents", "student", "children", "women". Chora mstari wa wima baada yake. Kisha tazama herufi ya mwisho kabla ya mstari. Ikiwa ni "s" ya wingi, weka ritifaa pekee: "parents'". Ikiwa si hiyo, weka ritifaa na "s": "student's", "children's", "women's". Ndiyo maana tarehe 8 Machi ni "International Women's Day"; "women" ina wingi tayari, na "Womens'" haiwezi kuwepo kwa sababu hakuna neno "womens" la kuanzia.

Majina ya mtu mmoja yanayoishia "s" yana njia mbili, "James's" na "James'", na zote huchapishwa. Chagua moja uishike mpaka mwisho wa maandishi. Kuhusu wenye mali wawili: duka moja la Asha na Juma ni "Asha and Juma's shop", kila mmoja akiwa na lake ni "Asha's and Juma's shops".

Usitafute kanuni katika majina rasmi. London kuna kituo cha treni cha Earl's Court chenye ritifaa, na Barons Court, kinachofuata kwenye njia ya Piccadilly, hakina. Kenya kuna hifadhi ya Hell's Gate yenye ritifaa, na tume ya kuajiri walimu, Teachers Service Commission, isiyo nayo. Jina rasmi hunakiliwa lilivyo kwenye hati.

Dalili: "it's" na "its", "your's", "their's"

Sababu ni kuvusha kanuni ya nomino kwenye viwakilishi. Vimilikishi vya Kiingereza ni kama yake, yako, yetu: umiliki umo ndani yake tayari. "Its", "yours", "hers", "ours", "theirs", zote bila ritifaa. "It's" ni ufupisho wa "it is" au "it has". Fungua ufupisho uone: "The cow lost it is calf" haina maana, basi ni "its calf".

Sababu nyingine ni simu. Programu ya kurekebisha maneno hugeuza "its" kuwa "it's" na "were" kuwa "we're" bila kuuliza, na kikagua tahajia hakipigi mstari mwekundu kwa kuwa maneno yote mawili yapo. Soma tena baada ya simu kumaliza. Sisi tunaiandika ritifaa tangu utotoni katika ng'ombe, ng'ambo na ng'oa, ambako ni alama ya sauti. Watoto wengine hudhani ya Kiingereza nayo hubadili matamshi. Haibadili: "boys", "boy's" na "boys'" hutamkwa sawasawa, na kwa hiyo hakuna anayeweza kuzisahihisha kwa sikio.

Acha, mwite mtaalamu

Kazi nyingi zilizo juu unaweza kuzimaliza mwenyewe kwa penseli. Zipo ambazo hutakiwi kuzigusa.

Wosia na mikataba. "My son's children" ni wajukuu wa mtoto mmoja wa kiume. "My sons' children" ni wa watoto wote wa kiume. Alama moja imesogea hatua moja na baadhi ya wajukuu wameingia au wametoka kwenye urithi. Ukiona shaka ya aina hiyo usisogeze chochote. Peleka kwa wakili, naye amuulize mwenye wosia angali hai. Hati ikishasainiwa hairekebishwi kwa kalamu hata kama kosa liko wazi. Ukikutana na "monies" katika mkataba, iache: neno hilo lina matumizi yake katika lugha ya sheria.

Vyeti, majina ya kampuni yaliyosajiliwa na mihuri. Kama cheti cha usajili hakina ritifaa, akaunti ya benki na risiti zisiwe nayo. Kubadilisha kunapitia kwa msajili.

Tasnifu inayokaribia kuwasilishwa. Ukishakuta kosa lile lile sura baada ya sura, usitumie amri ya kubadilisha yote kwa mara moja, kwa sababu itafuta "s'" zilizo sahihi pamoja na zilizo mbaya. Tafuta mhariri wa lugha, na umpe muda.

Na jiwe la kaburi. Fundi akishachonga hakuna kufuta. Mwombe akuandikie maneno kwanza kwenye karatasi, ukubwa ule ule, mpe mtu wa pili ambaye hajayaona, asome mkia wa kila neno akiwa peke yake.